Mkeka Huu Haukaliwi

Kwa wazee wetu ambao mkeka kwenu bado ni ule wa ukindu, unaotandikwa barazani mgeni akifika, inafaa nianze kwa kufafanua. Vijana waliokaa kijiweni pale Msamvu wakiulizana "mkeka wako unaendeleaje?" hawazungumzii kitu cha kukalia. Mkeka wao ni orodha ya mechi, tano, kumi, hata ishirini, ambazo mtu amezitabiria matokeo na kuziwekea fedha kwa pamoja. Zikitokea zote kama alivyosema, analipwa. Ikikosekana moja tu, mkeka umechanika na fedha imekwenda. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wanalijua neno hilo kuliko wanavyolijua neno "kipeo", ingawa sheria inamkataza kubeti kila aliye chini ya miaka 18. Mimi nafundisha hesabu, na makala hii ni ya hesabu zaidi kuliko ya mahubiri. Lakini mwishoni itagusa altare, na najua si wote watakaofurahi.

Nieleze msimamo wangu mapema. Mkeka ni biashara ya kuwauzia maskini matumaini kwa bei ambayo haikuandikwa popote. Sisi waamini tumekuwa tukiilaani kwa mdomo, huku mkono ukipokea sehemu ya fedha yake. Tumewaambia vijana "kubeti ni dhambi" mara nyingi mno bila kuwaonyesha wanachofanyiwa. Kijana wa siku hizi ukimwambia dhambi bila hoja, anakuitikia "ndiyo, baba," kisha anatoka nje ya kanisa na kufungua simu.

Basi tuifungue hiyo simu pamoja naye.

Chukua mechi ya kawaida. Kampuni inaweka namba tatu ziitwazo odi: tuseme 2.10 mwenyeji akishinda, 3.20 wakitoka sare, 3.40 mgeni akishinda. Maana yake ni kwamba ukiweka shilingi 1,000 kwa mwenyeji naye akashinda, unalipwa 2,100. Sasa fanya jambo ambalo pale kijiweni halifanywi: bashiria matokeo yote matatu kwa wakati mmoja, ili usikose kwa vyovyote. Weka 4,762 kwa mwenyeji, 3,125 kwa sare, na 2,941 kwa mgeni. Jumla umetoa 10,828. Mpira ukiisha, uishe uishavyo, unapokea kama 10,000. Hizo 828 zimebaki kwa kampuni, nayo haikuhitaji kujua nani atashinda. Namba hizi ni za mfano, lakini usiniamini mimi. Chukua za mechi ya Jumamosi hii, uzipige mwenyewe kwa kikokotoo cha simu yako.

Hapo ni mechi moja tu, na mechi moja haina ladha. Anayeweka 1,000 apate 2,100 haoni nyumba wala pikipiki. Ndiyo maana ukabuniwa mkeka, na hapa ndipo kipeo nilichokitaja kinapoingia. Kila mechi unayoongeza, kampuni inakata fungu lake tena juu ya lile ililokwisha kukata. Chukua mechi kumi ambazo vijana huziita za uhakika, timu kubwa ikiwa nyumbani dhidi ya timu dhaifu. Tuseme kila moja ina nafasi 8 katika 10 ya kwenda inavyotarajiwa. Ukizidisha mara kumi, nafasi ya zote kumi kutokea pamoja ni kama 11 katika 100. Kwa mechi ya namna hiyo odi ya haki ingekuwa 1.25. Kampuni ikikupa 1.15, mkeka mzima wa mechi kumi unafika odi ya 4.05 hivi. Mtu akicheza mikeka 100 ya shilingi 1,000 kila mmoja, ametoa 100,000. Atashinda kama 11, na kupokea kama 44,500, kabla ya kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Zaidi ya nusu imekwenda! Na huyu alichagua mechi nyepesi kuliko zote. Dalali ambaye angewafanyia hivyo akina mama wanaoteremsha ndizi kutoka Kinole asingerudi tena sokoni.

Mbona basi kijana haoni kwamba ameibiwa? Hesabu ileile inajibu. Katika mikeka hiyo 100, karibu 27 itakosa kwa mechi moja tu, tisa zimetiki na ya kumi imechana. Yaani kwa kila mara moja anayoshinda, kuna zaidi ya mara mbili ambazo ameonja ushindi kwa ncha ya ulimi. Anakwenda kulala akiamini amekaribia, kwamba ni kipa fulani wa Ulaya aliyemharibia, na kwamba kesho atapanga vizuri zaidi. Mkulima aliyekosa mvua hasemi amekaribia kuvuna. Mwenye mkeka husema hivyo kila wiki, na wiki inayofuata analipa tena.

Ipo pia ile zawadi nono, jakpoti, ya kutabiri mechi 13, kila moja ikiwa na majibu matatu. Njia za kuijaza fomu hiyo ni 1,594,323. Mtu anayebahatisha bila ujuzi, akijaza fomu moja tofauti kila siku bila kupumzika hata Dominika, angehitaji zaidi ya miaka 4,300 kuzimaliza zote. Pengine ingempasa aanze kabla Ibrahimu hajatoka Uru. Mwenye ujuzi wa mpira atapunguza miaka hiyo, sikatai, lakini mtoto wake wa darasa la kwanza anahitaji madaftari Januari hii.

Halafu wapo wauza mikeka, watabiri wanaojiita tipsta, wenye makundi ya simu na picha za risiti za ushindi. Wengine husema wana mechi zilizopangwa. Naomba mzazi yeyote ajue mbinu moja ya zamani. Mtu ana namba 800. Nusu anawaambia mechi itakuwa na mabao matatu au zaidi, nusu anawaambia haitafika. Kesho yake anawaacha 400 waliodanganywa, na wale 400 walioambiwa kweli anawagawa tena. Baada ya mechi tatu, wapo watu 100 ambao wamemwona akipatia mara tatu mfululizo bila kukosea, na wanaapa kwamba ana jicho. Hapo ndipo anapodai 20,000 ya "mkeka wa VIP". Hajui mpira kuliko wewe. Anajua kugawa kwa mbili.

Lazima nitenganishe kitu, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimekosea haki. Vijana wengi, hasa wa vyuo vyetu vya SUA na Mzumbe, wanacheza ligi za utabiri zisizo na dau. Ule mchezo wa ligi ya Uingereza ambapo unapewa fedha za kufikirika, milioni 100, uchague wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka timu moja, hauna kiingilio. Unashindana na rafiki zako msimu mzima kwa pointi, na anayeshinda anapata haki ya kuwatania wenzake. Sioni kosa ndani yake, na nimeona wavivu wa hesabu wakijifunza wastani na asilimia humo. Hata wakichanga shilingi elfu chache mwanzoni mwa msimu ili mshindi awanunulie wenzake soda na chipsi, hakuna kampuni iliyokaa katikati ikikata fungu. Anayewachanganya hawa na wenye mikeka anawapa vijana sababu ya kutomsikiliza.

Mama Kanisa naye hachanganyi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati au kuwekeana dau ni uovu kwa wenyewe. Inasema haukubaliki kimaadili pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa ya mchezo inaweza kumfanya mtu mtumwa. Wapo wanaoona fundisho hili ni legevu. Mimi naona ni kali kuliko "ni dhambi, basi," kwa sababu linamlazimisha mtu kuangalia fedha ilitoka wapi.

Ilitoka wapi, basi? Hapa kwetu Morogoro jibu linajulikana. Ni hesabu ya tajiri, ile fedha ambayo dereva wa bodaboda ya mkataba anatakiwa kuiwasilisha kila siku ili siku moja pikipiki iwe yake. Ni fedha ya mbegu ya kabichi na njegere kule Mgeta, iliyokopwa kwenye kikoba cha mama. Ni mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kulipia mkopo wa simu uliochukuliwa kulipia mkeka. Juu milimani sasa kuna jambo linalonitisha zaidi, nalo ni migomba kuuzwa ndizi zikiwa bado changa shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtu anataka fedha kabla ya saa kumi jioni ya Jumamosi. Kwa desturi yetu Waluguru, shamba hilo mara nyingi ni la ukoo wa mama. Anayeuza ndizi changa anakula cha dada zake na cha wapwa zake ambao hawajui hata maana ya odi. Hivyo ndivyo vile "mahitaji ya wengine" yanavyoonekana ukiyashusha kutoka kitabuni hadi Matombo.

Nikisema haya kwenye jumuiya, kuna hoja tatu hunijia, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza: "Kilimo nacho ni kamari. Unalima nyanya, ukifika sokoni bei imeanguka." Kweli, mkulima anabahatisha na mvua na bei. Lakini mkulima aliyepata hasara ya kabichi ameacha kabichi, na kuna watu Dar es Salaam wamezila. Shamba limebaki, na mkono umejua jambo jipya. Mkeka uliochanika umeacha nini? Mwaka 1955 babu zetu walileta vurugu kubwa kukataa matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha kuyachimba katika milima ya Uluguru. Nani alikuwa sahihi kuhusu udongo wanaweza kubishana wataalamu wa SUA. Ninachokiheshimu ni kwamba walikataa kutoa jasho kwa faida wasiyoiona. Wajukuu zao hakuna anayewalazimisha. Wanatoa wenyewe, kila siku, na wanaomba namba ya kampuni ili watume haraka.

Ya pili: "Mitume nao walipiga kura." Walipiga, Matendo ya Mitume sura ya kwanza inasema hivyo, na kura ikamwangukia Mathiya. Lakini nani alipoteza kitu siku ile? Yule mwingine hakuondoka amefilisika, wala hapakuwa na mwenye nyumba aliyekata fungu mlangoni. Ukitaka kura ya Agano Jipya inayofanana na mkeka, iko chini ya msalaba, askari wakigombea vazi la mtu anayekufa mbele yao. Wale nao walitaka kupata bila kutoa, na hawakuinua macho kutazama gharama ililipwa na nani.

Ya tatu ni ya wapenda soka, nami ni mmoja wao. "Hizi kampuni ndizo zinalisha mpira wetu, na serikali inapata kodi." Ni kweli fedha yao imeingia. Mwaka 2017 SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga kwa wakati mmoja, mahasimu ambao hawakubaliani hata rangi ya anga, na mwaka huohuo Everton ikaletwa Dar es Salaam ikiwa na Wayne Rooney. Kila mtu alifurahi, nami pia. Lakini sisi wa Morogoro tunakumbuka mpira uliolishwa kwa namna nyingine. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha kule Turiani, ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1999 na tena 2000. Ile ilikuwa timu iliyosimama juu ya miwa, kitu kilichopandwa na kukatwa na watu. Sisemi zama hizo zitarudi. Nasema tusidanganywe kwamba mpira hauwezi kuishi bila kunyonya mifuko ya wanaoutazama. Na watoto wetu wanaokuja mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wakiwa na jezi zenye jina la kampuni ya kubeti kifuani, nani aliwanunulia kama si sisi?

Kuhusu sheria sitasema mengi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo. Majirani wamejaribu ukali. Januari 2019, Waziri wa Nchi wa Fedha wa Uganda, ambaye kwa kituko cha majina anaitwa David Bahati, alitangaza agizo la Rais Museveni la kutotoa leseni mpya za kubeti. Mwaka huohuo Kenya, SportPesa na Betin zilifunga shughuli baada ya mvutano wa leseni na kodi. SportPesa ilirudi baadaye, na wakati imefunga watu waliendelea kubeti kwingine. Simu haifungwi kwa tangazo. Kwa hiyo siandiki kuiomba serikali itulelee watoto.

Naandika kwa ajili ya altare.

Tunapohubiri kwamba ukitoa elfu kumi ya "mbegu" Mungu atakurudishia laki moja kabla ya mwezi kuisha, tunafundisha odi ya 10.00. Kijana aliyekaa benchi la nyuma anaelewa vizuri sana. Ameisikia lugha hiyo, tofauti ni kwamba kule kwingine akishinda hulipwa kwa dakika chache. Mahubiri ya namna hii yaliingia kwetu kupitia redio na mikutano ya uwanjani, na sasa yanasikika hata katika sala za vikundi vyetu. Yule mjane wa Injili aliyetoa senti zake mbili hakuahidiwa nne. Tukimgeuza Mungu kuwa kampuni inayolipa, tusishangae vijana wakilinganisha viwango.

Pia tunapokea shukrani. Mtu ameshinda milioni mbili, anakuja mbele na bahasha, tunampigia makofi na vigelegele, na anatajwa kwenye matangazo. Hakuna aliyewahi kuja mbele kutangaza mkeka uliochanika. Matokeo yake kanisa zima linaona ushindi mmoja, halioni hasara mia. Hayo ndiyo matangazo ambayo kampuni ingelipia ghali, nasi tunayatoa bure, ndani ya Misa. Najua paa la kigango linavuja, na najua kamati ya ujenzi inasema fedha haina harufu. Ina harufu. Ina harufu ya mbolea ambayo haikununuliwa.

Kuna wanaoniuliza, na bahati nasibu ya parokia je, ile ya kuchangia ukarabati, tiketi 1,000 zawadi ng'ombe? Hainisumbui sana. Idadi ya tiketi inajulikana, zawadi inaonekana imefungwa chini ya mti, na aliyekosa anajua fedha yake imekuwa bati. Hata hivyo ningependa tuachane nayo kwa miaka kadhaa. Mlevi anayejaribu kuacha hasaidiwi na harusi yenye pombe kidogo.

Ninachopendekeza hakihitaji semina ya siku tatu. Shukrani ya ushindi wa kubeti isipokelewe hadharani, na mtoaji aelekezwe kwa upole kuanza na wale anaodaiwa nao. Vikoba vyetu vya WAWATA viweke wazi kwamba mkopo wa mbegu unatolewa kwa mbegu na mbolea mkononi, si kwa fedha ya simu. Wanaume wa UWAKA wakae na waendesha bodaboda wa kigango chao, wenye pikipiki na wasio nazo, wazungumze kuhusu hesabu ya Jumamosi. Na aliyekwisha kunaswa, ambaye anauza vyombo vya nyumbani usiku, asihubiriwe. Huyo ni mgonjwa. Anahitaji mtu wa kumshikia laini yake ya simu kwa miezi michache, na mtu wa kukaa naye saa zile za mechi.

Kwa upande wangu, nimeomba nusu saa katika mkutano ujao wa vijana wa VIWAWA. Nitakuja na ubao na chaki. Sitamuuliza mtu anabeti au habeti. Nitaomba mmoja wao afungue simu, asome odi za mechi kumi za wiki hiyo, nasi tutazizidisha pamoja hadi mwisho, halafu kila mtu aandike kwenye karatasi isiyo na jina alichoweka na alichopata tangu Pasaka. Tutajumlisha karatasi zote. Nimemwalika na mweka hazina wa parokia aje aione jumla hiyo. Bado hajanijibu.